Insha ya utandawazi na kilo moja ya korosho: jibu kwa mwanafunzi wa Mtwara

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sosholojia, mwaka wa pili, hapa Mtwara. Muhula huu tuna kozi ya utandawazi na ubepari wa dunia. Insha yangu ya kwanza, "Athari za utandawazi kwa jamii ya Mtwara", imerudi na alama 9 kwa 20 na maneno mawili pembeni: "orodha tupu". Niliandika faida tano na hasara tano, nikawataja wanazuoni Wallerstein na Rodney. Insha kubwa ni maneno 3,000 na inataka mfano wa mahali. Nyumbani ni Tandahimba, kwa hiyo nimefikiria korosho, ila wenzangu wanasema gesi ndiyo mada yenye uzito. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Chukua korosho.

Gesi ina uzito wake, sikatai. Visima vya gesi vya Mnazi Bay na Songo Songo vimeigeuza siasa ya kusini, na vurugu za Mtwara za Januari na Mei 2013 kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam zinastahili insha yake. Shida ni kwamba kwenye gesi mgawanyo wa fedha umekaa ndani ya mikataba, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hafunguliwi mikataba. Utabaki kuandika matarajio na hasira za wananchi, ambayo ni nusu tu ya mada. Kwenye korosho mizani iko nje, bei ya mnada inatangazwa hadharani, na makato yameandikwa kwenye karatasi ambayo huenda iko chini ya godoro la bibi yako.

Kwanza tuone kwa nini umepata 9. Orodha ya faida na hasara inaufanya utandawazi kuwa mtu: umeleta simu, umeua viwanda, umeshusha bei. Mhadhiri akisoma hivyo haoni nani alifanya nini. Kaa na insha yako ya zamani, pigia mstari kila sentensi ambayo mtendaji wake ni "utandawazi", "ubepari" au "soko la dunia", kisha weka mtendaji halisi: mnunuzi, sheria, benki, chama, wizara, pamoja na mwaka. Ukimkosa, ujue jambo hilo hujalielewa bado. Lifute au ukalitafute.

Mfano: "Soko la dunia liliporomosha bei mwaka 2018." Irudie hivi: "Msimu wa 2017/18 bei mnadani ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na bei za chini zaidi, wakulima wa Tandahimba na Newala wakazikataa, na Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 na kuwatumia wanajeshi kusomba mzigo." Sasa una wakulima, wanunuzi, serikali na jeshi, na una mvutano. Unaweza kuuliza kwa nini wanunuzi waliweza kuondoka na wakulima hawakuweza. Hilo ni swali la sosholojia, na jibu lake halipo kwenye faida tano.

Baada ya hapo fuata kilo moja ya korosho ghafi, na usianzie shambani. Anzia duka la pembejeo. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hushika majani machanga na maua nyakati za baridi na umande, Juni hadi Agosti, na salfa ya unga hupulizwa kila baada ya wiki mbili hivi, mara kadhaa kwa msimu. Soma lebo ya mfuko wa salfa: imetengenezwa nchi gani, imefungashwa wapi? Soma na alama za gunia la juti. Utagundua kwamba mkulima ameshaingia kwenye biashara ya dunia akiwa mnunuzi miezi kadhaa kabla ya kuingia akiwa muuzaji. Wanafunzi wengi hawafiki hapo kabisa.

Kisha shamba, vibarua wa kuokota, kukausha, kuchambua madaraja, mizani ya chama cha msingi (ushirika wa wakulima), ghala kuu, mnada, lori, bandari, meli, kiwanda cha ubanguaji, mfungashaji, duka kubwa. Kwenye kila kituo uliza maswali yaleyale manne: nani anapanga bei hapa? Nani anangoja fedha, na kwa muda gani? Nani anabeba hasara mzigo ukiharibika? Nani anaweza kukataa na bado akala kesho? Swali la mwisho ndilo linalozaa uchambuzi. Matatu ya kwanza yanakupa takwimu.

Usipite mbali na ubora wa mzigo, kwa sababu ndiko bei inakozaliwa. Mnunuzi hanunui kilo za ghafi, ananunua kiini kilichomo. Kipimo chake ni ratili ngapi za kiini kizuri zinatoka kwenye gunia la kilo 80. Tuseme sampuli imetoa ratili 50. Ratili moja ni gramu 453.6, kwa hiyo ni kilo 22.68 za kiini, sawa na asilimia 28 hivi. Gunia hilo kwa shilingi 3,300 kwa kilo ni shilingi 264,000. Gawanya kwa 22.68: kilo moja ya kiini imeshagharimu shilingi 11,640 kabla ya usafiri, kodi, kubangua na viini vinavyovunjika. Sampuli ikitoa ratili 48, gharama inapanda hadi shilingi 12,125 kwa kilo. Ratili mbili tu, na mnunuzi tayari ana sababu ya kushusha bei.

Huko mbele kiini nacho kinapangwa kwa ukubwa. W320 maana yake ni viini vyeupe vizima visivyozidi 320 kwenye ratili moja, na W240 ni vikubwa zaidi na ghali zaidi. Mkulima anajua daraja la kwanza na la pili la ghafi. Mnunuzi anapiga hesabu kwa W320 kwa dola. Insha yako ioneshe pengo hilo la taarifa kwa tarakimu, nusu ukurasa tu, na mhadhiri ataona kuwa umeuelewa mnyororo wa thamani kuliko aliyekariri maana yake.

Sasa nadharia. Ulimtaja Wallerstein, mwanasosholojia wa Marekani, kisha ukaendelea na safari, kama wengi wanavyofanya. Hoja yake ya mwaka 1974 ni kwamba ubepari tangu karne ya 16 ni mfumo mmoja wa mgawanyo wa kazi unaovuka mipaka ya dola nyingi, wenye kitovu, pembezoni na nusu-pembezoni. Kosa la kawaida ni kuchora ramani: Ulaya kitovu, Afrika pembezoni, basi. Kitovu na pembezoni ni uhusiano kati ya aina za kazi. Kazi ambayo washindani ni wachache inalipa, na kazi ambayo kila mtu anaweza kuifanya inalipa kidogo. Kwa hiyo hata ndani ya Mtwara unaweza kuuliza nani yuko wapi: mwenye ghala, mwenye lori, mama anayebangua kwa moto barazani, kibarua anayeokota kwa ndoo.

Kuna kipande kingine cha nadharia hiyo ambacho kinaifaa Tandahimba kuliko chochote, nacho ni kaya. Wallerstein na wenzake walisema mtaji wa dunia hupata kazi kwa bei ndogo pale ambapo kaya haiishi kwa mshahara au zao la biashara peke yake. Hebu angalia nyumbani. Fedha za korosho zinaingia miezi michache ya mwisho na mwanzo wa mwaka. Machi hadi Septemba kaya inakula nini? Muhogo, mahindi, mbaazi, kuku wa kuuza mmoja mmoja, na kazi za wanawake na watoto ambazo haziandikwi popote. Bei ya korosho hailazimiki kugharamia chakula cha mwaka mzima, kwa sababu shamba la muhogo linalipa tofauti. Ukiweza kuonesha kwa kaya tatu tu vyakula vilitoka wapi mwezi kwa mwezi, na nani alivilima, umeipa nadharia mwili. Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote kama ningekuwa na nafasi ya hoja moja.

Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam na kuchapisha mwaka 1972 kitabu chake kikuu kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, mtumie kwa historia. Lakini usimtwishe kila kitu. Uzalishaji wa korosho Tanzania ulifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, ukaanguka hadi chini ya tani 20,000 kufikia 1986/87. Wanaochambua anguko hilo wanataja kuhamishiwa watu vijijini na mashamba kuachwa mbali, bei ndogo ya mkulima, na ubwiriunga. Mawili kati ya hayo yanatokana na uamuzi wa serikali yetu wenyewe, na la tatu ni ugonjwa. Insha inayosema "mabeberu" mahali hapo itakatwa alama, na inastahili.

Ukitaka mfano wa kikoloni uliokamilika, unao Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, ikaanzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mradi ulifutwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi, na reli baadaye ikang'olewa. Bandari ikabaki, na leo korosho zinapita humo. Angalia kwamba hapo mtaji ulikuwa wa serikali ya Uingereza. Ukiandika kwamba ubepari wa dunia ni makampuni binafsi tu, Nachingwea inakupinga.

Sasa nadharia uijaribu, maana nadharia ambayo haiwezi kukosea haikusaidii kitu. Jaribio zuri ni Vietnam. Nchi iliyotoka kwenye vita na umaskini, ambayo miaka ya 1990 yenyewe iliuza korosho ghafi kwa India, leo ndiyo inayoongoza duniani kuuza kiini, na ghafi nyingi inazonunua zinatoka Afrika. Kama pembezoni ni gereza, Vietnam ilitokaje? Mfuasi wa Wallerstein atajibu kwamba imepanda nusu-pembezoni na mfumo umebaki vilevile. Mpinzani atasema basi nafasi si za kudumu, na sera zina maana. Wote wawili wana ushahidi, kwa sababu wabanguaji wa Vietnam nao wanabanwa na wafungashaji na maduka makubwa ya Marekani na Ulaya. Usiogope kuandika kwamba jibu linategemea kituo unachokitazama, ilimradi ukitaje.

Kisha uliza kwa nini sisi hatubangui zaidi. Jibu la haraka ni "hakuna viwanda", nalo si kweli. Serikali ilijenga viwanda 12, vikiwemo vya mikopo ya Benki ya Dunia, wakati uleule zao likianguka, na vingi vikaishia kuwa maghala. Jibu jingine ni ushuru: ghafi inayotoka nje inatozwa asilimia 15 ya bei yake bandarini au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa, kusudi ibanguliwe nyumbani. Ushuru umekuwepo miaka mingi na ghafi inaendelea kutoka. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilisukumwa na Benki ya Dunia mwaka 1995 ipunguze ushuru wa namna hiyo, viwanda vikafungwa na maelfu wakakosa kazi. Kuondoa ushuru kuliua viwanda kule, na kuuweka hakujavifufua vya kutosha huku. Kuna kitu kingine.

Kitu hicho, kwa maoni yangu, ni kalenda na mkopo. Korosho zetu zinavunwa Oktoba hadi Januari. Mbanguaji wa Mtwara anatakiwa anunue ndani ya miezi mitatu hivi mzigo wa kulisha mashine mwaka mzima, kwa fedha za benki zenye riba, kisha akae nao ghalani. Mbanguaji wa Vietnam ananunua kwetu mwisho wa mwaka, halafu kuanzia Februari anachukua za Afrika Magharibi na za jirani zake. Mashine zake hazilali na mtaji wake unazunguka. Kalenda hiyohiyo ndiyo inayompa mkulima wetu nguvu kidogo mnadani, kwa kuwa msimu wetu unaangukia wakati nchi nyingi za kaskazini mwa ikweta hazina mzigo mpya. Jambo moja linamsaidia mkulima na kumwumiza mwenye kiwanda wa wilaya hiyohiyo. Hapo una maslahi yanayogongana ndani ya "sisi watu wa kusini", na sosholojia ya matabaka imeanza kufanya kazi.

Dai lako liwe la kuweza kuvunjika. Baya: "Insha hii itajadili athari za utandawazi kwa wakulima wa korosho." Bora: "Mnada wa stakabadhi ghalani umempa mkulima wa Tandahimba sauti kwenye bei, lakini umemwachia mzigo wa kungoja, na kungoja huko ndiko kunakoilisha kangomba." Stakabadhi ghalani ni mfumo ambao mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa risiti, na analipwa baada ya mnada; kangomba ni ununuzi wa mafichoni nje ya ghala, kwa bei ndogo, kutoka kwa mkulima mwenye shida ya fedha. Ukienda ukakuta wakulima wote walilipwa ndani ya siku chache na hakuna aliyeuza nje ya ghala, dai limevunjika, na hilo nalo ni matokeo. Stakabadhi ghalani ilianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, kwa hiyo wenye umri wa kukumbuka biashara ya kabla yake bado wapo. Waulize.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa. "Utandawazi umekuathiri vipi?" itakupa hotuba. "Mzigo wako wa mwisho ulifika ghalani lini, na fedha ziliingia benki lini?" itakupa tarehe mbili, na tofauti yake ndiyo data. Omba uone karatasi ya malipo na unakili kila kato kwa kilo: chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri na mengineyo. Usiulize mtu ana mikorosho mingapi mbele ya majirani, hasa baada ya ule uhakiki wa mashamba ambao serikali iliufanya 2018/19 kuwasaka wa kangomba, kwani wengi watapunguza hesabu. Kangomba ni kosa kisheria, kwa hiyo usimtafute mtu kwa jina hilo. Uliza tu: "Mwezi wa saba mtu akiuguliwa, fedha anapata wapi kabla ya mnada?" Majina halisi usiyaandike hata kwenye daftari.

Watu 12 wanatosha kwa insha hii. Sita wawe wakulima, wawili wa mikorosho michache, wawili wa wastani, wawili wakubwa, na angalau watatu wawe wanawake. Kisha katibu au mtunza ghala, mwenye duka la pembejeo, kuli au dereva, mama mbanguaji, na vibarua wawili wa kuokota. Wakikosekana vibarua, insha itakuwa ya wenye mashamba peke yao, na hilo hutokea mara nyingi kwa sababu hawapo kwenye daftari lolote la chama.

Likizo yako ndefu inaanza Julai, kabla ya minada. Tumia Julai na Agosti kwa salfa, madeni na kaya, uache ghala na mnada hadi Oktoba. Barua ya utambulisho iombe chuoni wiki tatu kabla. Inapitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila ofisi piga nakala yenye mhuri, maana ya kwanza itabaki huko. Kwa mtendaji wa kijiji nenda asubuhi.

Maneno 3,000 yagawe hivi: dai na swali 300, mnyororo 700, vituo viwili kwa kina 1,000, mjadala wa nadharia 700, mipaka ya utafiti 300. Vituo viwili, si kumi. Ningechagua kaya na ghala.

Mwisho, bei. Kila ukiandika bei andika msimu, ghafi au kiini, na sarafu. Usilinganishe shilingi za 2008 na za leo hivihivi. Dola itakusaidia kwa upande wa mnunuzi. Kwa upande wa mkulima, tafuta bei ya kilo ya sembe dukani kijijini kwa msimu uleule, ugawe: kilo moja ya korosho ilinunua kilo ngapi za sembe? Wazee watakukumbushia bei za miaka ya nyuma bila taabu. Zihakiki kwa karatasi za malipo za kaya mbili tofauti kabla ya kuziingiza kwenye jedwali.